Taa ya umeme kwenye kichwa cha treni ya mvuke: umeme wenyewe ulitoka wapi?

BintiGundi

Wakuu habari zenu, na wazee wote shikamooni.

Nina jambo limenikalisha na gundi mkononi tangu Ijumaa. Natengeneza modeli ya kichwa cha treni ya mvuke cha Kimarekani, cha miaka ya 1900 na ushee, kwa kufuata picha mbili za zamani. Boila nimemaliza, magurudumu yamekaa, bomba la moshi limesimama wima baada ya kuanguka mara tatu. Nimekwama kwenye taa.

Mbele ya bomba la moshi kuna sanduku la taa, kubwa kweli, mtoto mdogo angeweza kujificha humo wasimwone. Maelezo chini ya picha yanasema ni taa ya umeme. Sasa umeme wa wapi jamani? Hii si mashine ya makaa na maji? Nimeikuza picha mpaka ikawa vidoadoa vitupu, na nilichoambulia ni kitu kimoja: juu ya mgongo wa boila, karibu na kibanda cha dereva, kuna dubwana la duara kama sufuria iliyolazwa ubavu. Bomba jembamba linaingia, lingine nene kidogo linatokea juu na kuishia hewani.

Kwa hiyo naomba kujua umeme ulitoka wapi, na kama sufuria ile inahusika. Halafu nimesoma kwamba taa za umeme zilikuwepo tangu miaka ya 1870. Mbona basi treni ziliendelea na taa za mafuta miaka mingine ishirini, thelathini? Walikuwa wabahili tu?

Na dogo la mwisho: nataka kuweka LED ndani ya sanduku. Iwe ya njano au nyeupe?

Mchokozi88

Umeme na mafuta ni anasa. Kule South Carolina, miaka ya 1830, injinia Horatio Allen alichukua behewa wazi, akatandaza mchanga juu yake, akawasha moto wa vipande vya msonobari vyenye utomvu, behewa likasukumwa mbele ya injini usiku. Hiyo ndiyo taa ya kwanza inayotajwa sana. Binti, weka njiti ya kiberiti kwenye modeli yako, mambo yaishe.

Pancha

Hapo mbona rahisi mkuu. Ni dainamo kama ya baiskeli. Inafungwa kwenye ekseli, gurudumu likizunguka umeme unatoka. Hiyo sufuria itakuwa kengele au sanduku la mchanga.

FundiMvuke

Marahaba binti.

Sufuria yako ndiyo jibu lote. Ni turbini ndogo ya mvuke, imekaa kwenye mhimili mmoja na dainamo, zote ndani ya ganda moja la chuma. Bomba jembamba linaleta mvuke kutoka kwenye boila. Lile nene linalotokea juu linatapika mvuke uliokwisha kazi. Mimi nimezifungua nyingi katika maisha yangu ya kazi, za miundo ya baadaye lakini ukoo ni uleule, na mpaka leo nikisikia kitu chochote kinapiga mluzi mwembamba usiokatika, nageuza shingo kutazama juu. Wale wanaouita umeme "stima" leo wacheke, maana hapa stima ilizaa stima kwelikweli.

Ndugu Pancha, wazo lako si baya ila ni la mabehewa. Dainamo ya kwenye ekseli ilifanya kazi nzuri chini ya mabehewa ya abiria, ikisaidiwa na betri treni inaposimama. Kwenye kichwa cha treni mambo ni mengine. Kikisimama usiku ndipo dereva anahitaji kuona zaidi, hasa kile kioo cha kupimia maji ya boila. Maji yakishuka chini ya dari ya tanuru na hakuna aliyeona, boila inaweza kulipuka na mkazikwa wote. Taa inayozimika kila unaposimama haifai hapo. Na betri peke yake? Uingereza mwaka 1881 waliwasha behewa la Pullman kati ya London na Brighton kwa betri za Faure zilizochajiwa kabla ya safari, likawaka vizuri. Lakini zile zilikuwa balbu chache ndogo za kuwapendezesha abiria. Taa ya kumulika njia inakula umeme mfano wa tembo anavyokula majani.

Sasa hilo swali lako la pili, binti, ndilo nililolipenda. Watu hudhani kazi ilikuwa kupata mwanga. Mwanga ulikuwepo, tena wa kutoboa macho! Kazi ilikuwa nani ataushika.

Taa kali ya siku zile ilikuwa taa ya tao. Unachukua vijiti viwili vya kaboni, unavigusanisha umeme ukipita, halafu unavitenga kidogo, milimita chache tu. Umeme unaruka ule mwanya na ncha za kaboni zinawaka nyeupe, joto lake limepita nyuzi 3,500. Uzuri umeishia hapo. Vijiti vinaliwa na moto, kwa hiyo mwanya unapanuka kila dakika, na ukipanuka mno taa inazimika. Vikigusana, mwanga unakufa na umeme unafurika. Lazima kuwe na kitu, au mtu, wa kuvisogeza polepole bila kukoma. Ukiifunga taa hiyo ukutani, mashine ya springi na magurudumu ya saa inaweza kukufanyia. Ifunge kwenye pua ya kichwa cha treni kinachotikisika kwa kila kiungio cha reli, uone.

Aliyeona ni Pavel Yablochkov, injinia Mrusi. Mwaka 1874 alikuwa mkuu wa telegrafu, yaani simu za maandishi za waya, kwenye reli ya Moscow hadi Kursk. Treni ya serikali ilikuwa inakwenda Crimea, wakubwa wakataka njia imulikwe usiku. Yablochkov akafunga taa ya tao mbele ya kichwa cha treni, na betri, na kirekebishi cha Foucault cha kusogeza vijiti. Kirekebishi kile hakikuweza kuachwa peke yake. Kwa hiyo yeye mwenyewe akasimama pale mbele, nje, upepo wa treni usoni, akikigeuza kwa mkono na kubadilisha vijiti vilivyokwisha. Kila walipobadilisha kichwa cha treni njiani, alifungua taa yake na nyaya zake, akavihamishia kwenye kichwa kipya, akapanda tena.

Taa ilifanya kazi safari nzima. Na hakuna reli iliyotaka kuinunua, nami siwalaumu. Nani atamwajiri mtu wa kusimama nje mbele ya boila usiku kucha akipindua skrubu?

Yablochkov hakusahau. Mwaka uliofuata alikuwa Paris, na mwaka 1876 akatoa ule mshumaa wake maarufu: vijiti viwili vya kaboni vimesimama sambamba, katikati udongo mweupe wa kaolini, vinaungua pamoja kwenda chini kama mshumaa wa kawaida. Hakuna cha kusogeza! Mimi siwezi kuitazama ile picha ya mshumaa bila kumwona yule bwana amekodoa macho mbele ya treni, vidole vimekufa ganzi, anaapa kwamba safari nyingine hatashika kirekebishi. Hiyo ya kuapa nimeongeza mimi. Hata hivyo mshumaa haukufaa treni, maana ulidumu saa moja na nusu hivi, na ukizimika huuwashi tena.

Baada ya hapo ikabidi visubiriwe vitu viwili, taa ya kujisogeza yenyewe na mashine ya umeme isiyohitaji yaya. Nitaendelea, macho yamechoka.

Pancha

Mzee nimenyoosha mikono. Ila sufuria kuwa turbini sikutegemea. Turbini si vitu vya mabwawa?

FundiMvuke

Vya mabwawa ni vya maji. Hii ni ya mvuke.

Mwanzoni, miaka ya 1880, kulikuwa na majaribio ya kufunga injini ndogo ya pistoni juu ya injini kubwa ili izungushe dainamo. Fikiria. Tayari una mashine inayotikisika, unaipandisha mgongoni mashine nyingine inayotikisika kwa mdundo wake, yenye sehemu zake za kutiwa mafuta na za kulegea. Mchochea moto ana kazi ya kutosha, sasa apewe na mtoto wa kambo.

Charles Parsons, Mwingereza, alitengeneza turbini yake ya mvuke mwaka 1884, na hiyo ya kwanza kabisa ilikuwa ya kuzungusha dainamo. Ilizunguka mara 18,000 kwa dakika ikitoa kama kilowati 7.5. Haikutengenezwa kwa ajili ya treni, lakini ilionyesha njia: mvuke unaweza kuzungusha kitu moja kwa moja, bila pistoni, bila mkanda, bila kwenda na kurudi. Kule Marekani jina lililoshika ni la George Pyle. Kampuni ya Pyle-National ilianzishwa Chicago mwaka 1897, na turbini zake zikapanda juu ya maboila nchi nzima. Ukiona sufuria kwenye picha ya Marekani ya enzi zile, kuna uwezekano mkubwa ni yake.

Ndani yake hakuna maajabu. Mvuke unapita kwenye tundu jembamba, unatoka kwa kasi, unapiga vikombe vidogo vilivyopangwa ukingoni mwa gurudumu. Upande wa pili wa mhimili kuna dainamo. Za baadaye, zile nilizozishika mimi, zilitoa wati 500 kwa volti 32, na kasi yake ilikuwa maelfu machache ya mizunguko kwa dakika, mbali kabisa na wazimu ule wa 18,000. Wati 500 tu. Pasi ya nguo inakula zaidi. Lakini zilitosha taa kubwa, taa za kibandani, na taa ya kioo cha maji.

Kitu cha thamani humo ndani ni gavana. Simaanishi yule wa kuchaguliwa. Ni vipande viwili vya chuma vilivyoshikwa na springi, vinazunguka na mhimili. Kasi ikizidi vinatanuka, vinasukuma kimti kinachobana vali ya mvuke. Kasi ikipungua vinarudi, vali inafunguka. Boila iwe na mvuke mwingi au imechoka, taa inabaki na mwanga uleule. Gavana, pamoja na taa ya kujisogeza yenyewe, ndio waliokuja kumshusha Yablochkov kutoka mbele ya treni.

Na asipofanya kazi? Nitawaambia, nilikuwepo. Zamu ya usiku, mahali sipataji. Dereva ananiita, "Fundi, njoo uone taa yako inafanya nini." Napanda kibandani nakuta balbu ndogo ya juu ya kioo cha maji, ambayo siku zote ni ya njano kama ya msibani, imekuwa nyeupe mpaka ya kibuluu. Nikafungua mdomo kusema funga mvuke. Sikuwahi. Ile ya kioo ikapasuka, ya upande wa dereva ikafuata, ya mchochea moto, na mwisho taa kubwa ya mbele ikatoa mmweko mmoja kama wa radi, kisha giza. Juu yetu mluzi ulikuwa umepanda mpaka ukawa ni kitu unachokisikia kwa meno. Nikapapasa vali kwa mkono, nikaifunga, nikaunguza kiganja.

Asubuhi nikaifungua mezani. Kimti cha vali, unene wa penseli tu, kilikuwa kimeganda kwa ukoko mweupe mgumu. Boila ilikuwa na tabia ya kutapika maji pamoja na mvuke, na maji yale yana chumvi zake, zikikauka zinashika kama sementi. Gavana alikuwa anasukuma kwa nguvu zake zote na vali haisogei. Katika daftari la matengenezo kimti kilekile kilikuwa kimeandikwa kimesafishwa, na sahihi chini. Nilikikwangua kwa brashi ya waya nusu saa nzima nikiiangalia ile sahihi.

DadaWaIshara

Hodi. Mzee FundiMvuke, heshima yako. Mimi nilikuwa upande wa ishara za reli, na naomba niingilie swali la binti, ile sehemu ya "wabahili tu". Si ubahili peke yake, ingawa ulikuwepo.

Taa hizi zilipigiwa kelele sana Marekani, na madereva wengine walikuwa miongoni mwa waliolalamika. Fikiria njia mbili sambamba, treni mbili zinakutana usiku, kila moja ina taa ya tao. Dereva anapigwa mwanga wa macho, na kwa sekunde kadhaa baada ya kupishana haoni kitu. Na sekunde hizo ndizo anazotakiwa kusoma ishara inayofuata. Zaidi ya hapo, treni za Marekani zilikuwa na taa ndogo za rangi mbele, za kuonyesha ni treni ya aina gani, kama kuna nyingine inafuata nyuma yake kwa ratiba ileile au la. Taa kubwa ikiwaka katikati, zile ndogo zinamezwa. Unaona jua tu.

Kuna na jambo lililotutesa sisi watu wa ishara hata miaka ya baadaye: ishara ya mzimu. Kioo cha rangi cha ishara kikipigwa na mwanga mkali kutoka mbele kinaurudisha, na ishara ambayo taa yake imezimika inaonekana kama inawaka. Dereva anaapa ameiona ya kijani, na hasemi uongo, ameiona. Kumbe ni taa yake mwenyewe imemrudia.

Kwa hiyo kampuni ziliposema taa ya mafuta inatosha, walikuwa na hoja na walikuwa na kisingizio, vyote kwa pamoja.

Mchokozi88

Taa ya mafuta inatosha kuona nini? Nzi?

FundiMvuke

Karibu sana dada. Umesema kweli, na ile ya mzimu nilikuwa nimeisahau.

Mchokozi, taa ya mafuta ilikuwa utambi nyuma ya kioo, na nyuma ya utambi bakuli la shaba lililopakwa fedha, mtu analing'arisha kwa kitambaa laini. Kwanza mafuta ya nyangumi, baadaye mafuta ya taa. Ndiyo maana sanduku la binti ni kubwa hivyo, umbo lilirithiwa kutoka enzi za mafuta, na mashine ya tao nayo ikahitaji nafasi. Iliwaambia watu kwamba treni inakuja. Njia haikumulikwa.

Hapo ndipo serikali zikaingia. Jimbo la Georgia lilipitisha sheria mwaka 1908: vichwa vya treni kwenye njia kuu viwe na taa ya umeme inayotumia si chini ya wati 300 kwenye tao, na bakuli la kuakisi lisilopungua inchi 23, yaani sentimita 58. Kampuni ya Atlantic Coast Line ikapinga mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ikashindwa mwaka 1914. Napenda sheria ya namna hiyo, inayotaja wati na inchi. Sheria ikisema "taa ya kutosha" jua mwandishi wake hajawahi kupanda treni usiku.

Serikali ya shirikisho ilipoweka kanuni yake mwaka 1916 ilichukua njia nyingine: dereva mwenye macho mazima, usiku usio na ukungu, aweze kuona kitu cheusi chenye ukubwa wa mtu umbali wa futi 800, kama mita 244. Injini za kupanga mabehewa yadini zilikubaliwa futi 300.

Lakini hebu fanyeni hesabu. Treni nzito yenye mwendo inahitaji zaidi ya mita 244 kusimama, mara nyingi zaidi sana. Ukimwona mtu kwenye reli kwa umbali huo huwezi kusimama. Unapiga honi na kuomba. Ndiyo maana Waingereza, ambao njia zao zina uzio na ishara kila mahali, waliendelea na vitaa vya mafuta mbele mpaka mvuke ulipokaribia kwisha. Vile vyao vilikuwa lugha tu: vikipangwa hivi ni treni ya haraka, vikipangwa vile ni ya mizigo. Marekani njia zilikuwa wazi, nyingi ni reli moja, ng'ombe wanalala juu yake, daraja limechukuliwa na maji na hakuna wa kukwambia. Dereva alitaka kuona hata kama ni kwa sekunde kumi za kupunguza kishindo.

BintiGundi

Nimesoma yote mara mbili, ya gavana nimemsomea na ndugu yangu. Asante sana mzee, na asante dada.

Naomba kuuliza mawili kabla sijabandika. Volti 32 ni namba ya ajabu, ilitoka wapi? Na LED bado sijajibiwa!

FundiMvuke

Samahani mwanangu, uzee.

32 ni seli 16 za betri ya risasi, kila moja volti 2, mabehewa ya abiria yalitumia hivyo. Lakini kwenye kichwa cha treni ilikuwa na faida nyingine. Taa ya tao ilianza kuondoka baada ya balbu za tangisteni zilizojazwa gesi kuingia sokoni, kuanzia 1913 hivi. Balbu ya volti ndogo ina uzi mnene na mfupi. Mnene, kwa hiyo hautikisiki ukakatika. Mfupi, kwa hiyo unajikusanya mahali padogo, na bakuli la kuakisi linataka mwanga utoke mahali padogo mno, pale hasa kwenye kitovu chake. Uzi ukiwa mrefu umetapakaa, mwanga unatawanyika. Balbu iliyozoeleka mbele ilikuwa ya wati 250. Nusu ya nguvu zote za turbini kwenye uzi usiofika urefu wa ukucha.

LED yako. Picha yako ni ya 1900 na ushee, umeandika taa ya umeme, basi ni tao. Weka nyeupe, nyeupe ya baridi, inayoelekea kwenye ubuluu. Na usiifanye itulie kabisa, tao linatetema kidogo. Koili ya sumaku hushikilia kijiti cha juu, mwanya ukipanuka umeme unapungua, sumaku inalegea, kijiti kinashuka, umeme unarudi, kinashikwa tena. Ukiweza kuifanya ipepese kidogo kila baada ya muda, mtu aliyeiona taa ya kweli atakuamini.

Kuna kitu kimoja zaidi, ukipenda uchokozi. Taa nyingi za tao za treni zilikuwa na kijiti cha kaboni juu, lakini chini waliweka kijiti cha shaba, kwa kuwa kinadumu zaidi. Ilibidi umeme uingilie kwenye kaboni, maana upande wa chanya ndio unaopata joto kali. Fundi akichanganya nyaya mbili, shaba inageuka kuwa upande wa moto, inaanza kuyeyuka, na treni nzima inakwenda na mwanga wa kijani. Ilikuwa njia ya haraka kabisa ya kujua nani alilala kazini.

DadaWaIshara

Kijani! Nikiwa kwenye kibanda cha ishara nikaona kijani kinanijia kwa mwendo wa treni ningeomba uhamisho siku hiyohiyo.

BintiGundi

Wakuu, mrejesho. Sufuria imekaa mbele ya kibanda, nimeitengeneza kwa kifuniko cha kalamu ya wino, mabomba ni waya wa shaba. LED nyeupe imewaka, inapepesa kidogo, nimefurahi mpaka nimezima taa ya chumba.

Halafu nikashawishika. Nikageuza nyaya nione kama itatoa kijani. Haikuwaka kabisa.

FundiMvuke

Hiyo ni diodi mwanangu, umeme unapita upande mmoja tu. Rudisha nyaya, na uandike daftarini kwamba umezirudisha. Uandike baada ya kuzirudisha.